MADIRISHA YASIPIGANE: Tuchague Msimamizi Gani kwa Tarakilishi Zetu?

Najua utakapoona kichwa cha makala haya utauliza, "Haya si mambo ya somo la Kompyuta? Chama cha Kiswahili yanakihusu nini?" Yanatuhusu sana. Jarida hili unalolishika mkononi hupigwa chapa humo humo maabarani. Mswada uliowasilishwa huwa umefunguliwa dirisha moja, kamusi dirisha la pili, na ukurasa tunaoupanga dirisha la tatu. Madirisha hayo yakipandana, mara hili lafunika lile, mara lile lajificha nyuma ya hili, kazi ya saa moja huwa ya saa tatu. Na saa za maabara, si unajua, huhesabiwa.

Lipo jambo kubwa zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Tarakilishi za mitumba zinazovuka feri pale Likoni kuja huku Kusini si zote zenye sifa hizo. Fundi mmoja alizitazama zetu, akatikisa kichwa, akasema ati ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Mimi sikubaliani naye. Mashine ile ile ikiwekewa Linux, mfumo usiolipiwa leseni, huweza kuandika insha, kupanga kurasa na kusoma kamusi kwa miaka mingine. Ila ukiingia Linux utaulizwa swali ambalo Windows haikuulizi: msimamizi wako wa madirisha awe nani?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulijibu pamoja, kwa sababu uamuzi ukishapita utamgusa kila anayekalia kiti cha maabara.

MSIMAMIZI WA MADIRISHA NI NANI?

Fikiria matatu ya Likoni kwenda Ukunda. Dereva yuko usukani. Abiria wanaingia, mwenye gunia, mwenye mtoto, mwenye begi la shule. Nani anayewapanga? Ni makanga. Haendeshi gari wala hamiliki mizigo ya watu. Kazi yake ni kusema, "Wewe songa huko, mama kaa hapa, kijana shika mlango." Makanga hodari akipanga, kila mtu anapata pa kukaa. Makanga goigoi akipanga, mnakaliana magotini mpaka Tiwi.

Basi msimamizi wa madirisha ni makanga wa tarakilishi. Programu ya kuandikia ndiyo inayochora maandishi ndani ya dirisha lake, lakini haiamui dirisha hilo likae wapi kwenye skrini, liwe na upana gani, wala lipi liwe juu ya lipi. Hayo ni ya msimamizi. Hata ile fremu yenye jina la faili na vitufe vya kufungia, aghalabu ni yeye anayeichora.

Katika mfumo wa X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani, msimamizi ni programu ya kando kabisa. Waweza kumwondoa mmoja ukamweka mwingine, na abiria wasijue kwamba makanga amebadilishwa. Ndiyo sababu wasimamizi wa Linux ni wengi, na ndiyo sababu kuchagua kunatatiza.

Usidhani kupanga madirisha bega kwa bega ni uvumbuzi wa juzi. Windows ya kwanza kabisa, iliyotoka mwaka 1985, haikuruhusu madirisha ya programu kupandana. Yalipangwa ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafuni. Windows 2.0 ya mwaka 1987 ndiyo iliyoyaachia yapandane. Mwaka 2009 Windows 7 ikaja na hila ya kuburura dirisha hadi ukingoni likajaza nusu ya skrini. Nao wenye mashine za Apple wakaletewa hila kama hiyo ndani ya mfumo wao mwaka 2024. Kwa hiyo dunia ilitoka kwenye vigae, ikaenda kwenye kupandana, na sasa inarudi nyuma nusu safari.

TABIA TATU ZISICHANGANYWE

Nimesikia wenzangu wakibishana maabarani huku kila mmoja akizungumzia kitu tofauti. Hebu tuzitenganishe tabia hizi.

Ya kwanza naiita kunata. Unaburura dirisha, na linapokaribia ukingo wa skrini au dirisha jirani, linavutwa likagusana nalo barabara, pasiwe na ufa. Ukubwa wake haubadiliki. Ni kama mashua iliyokaribia gati. Zile hatua mbili za mwisho kamba ndiyo inayoivuta.

Ya pili ni kunasa ukingoni. Hapa unaburura dirisha mpaka mshale wa kipanya ugonge ukingo wa kushoto, na dirisha linajinyoosha lenyewe likajaza nusu ya kushoto. Ukigonga kulia, nusu ya kulia. Kwa wasimamizi wengine ukigonga pembe, linajaza robo. Tofauti na kunata ni kwamba ukubwa umebadilika. Tofauti nyingine ni hii: kunata huangalia ukingo wa dirisha, ilhali kunasa huangalia mshale wa kipanya. Ukilijua hilo, hutashangaa tena kwa nini mara dirisha linatulia tu ukingoni na mara linavimba ghafla.

Ya tatu ni mpangilio wa vigae. Hapa hakuna kuburura. Ukifungua programu moja, inajaza skrini yote. Ukifungua ya pili, msimamizi anaikata skrini mara mbili bila kukuuliza. Ya tatu ikija, anakata tena. Madirisha hayapandani, na skrini haibaki na sehemu tupu. Ni makanga asiyekubali abiria asimame wakati kiti kipo.

HESABU YA SKRINI

Kabla ya kumsifu msimamizi yeyote, pima skrini. Watu hulisahau jambo hili, nalo ndilo linaloamua mengi.

Skrini nyingi za mashine za kawaida zina upana wa pikseli 1366 na kimo cha 768. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ikioneshwa kwa asilimia 100, kwa kipimo cha vitone 96 kwa kila inchi, inahitaji pikseli zipatazo 794. Sasa gawa 1366 kwa mbili. Unapata 683. Maana yake ni kwamba ukurasa wa A4 hautoshi ndani ya nusu ya skrini. Itakubidi uupunguze hadi asilimia 80, ambapo unahitaji pikseli 635 hivi, na hapo unaingia. Herufi zitakuwa ndogo, lakini zitasomeka.

Waweza pia kuikata skrini kwa uwiano wa mbili kwa moja. Thuluthi mbili za 1366 ni kama 910, na ukurasa wa A4 unaingia mzima mzima. Upande wa pili zinabaki kama pikseli 455, zinazotosha kamusi au orodha ya masahihisho. Kwa kazi ya uhariri, mkato huu ni bora kuliko nusu kwa nusu.

Kwa zile skrini za zamani za 1024 kwa 768, nusu ni pikseli 512 tu. Hapo vigae havitusaidii kitu. Afadhali kila programu ijaze skrini, nawe urukeruke kati ya meza. Meza ni nini? Karibu kila msimamizi wa Linux hukupa skrini kadhaa za kufikirika: ya kwanza ukaweka mswada, ya pili kamusi, ya tatu ukurasa. Unahama kutoka meza hadi meza kwa vitufe viwili, na hakuna kinachofunikwa.

Kwa hivyo sifa ya kutafuta si "ananasa au hanasi" peke yake. Tuulize pia: anakuruhusu kukata skrini visivyo sawa? Na ana meza ngapi?

WAGOMBEA WETU

Nimewachagua wanne, na nitawaeleza mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Xfce. Mradi huu ulianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, na msimamizi wake wa madirisha huitwa xfwm4. Sura yake haimtishi mtu aliyezoea Windows. Kuna menyu, kuna upau, kuna vitufe vya kufungia. Ana kunata na kunasa, na tangu toleo la 4.12 la mwaka 2015 hunasa hata pembeni kwa robo. Udhaifu wake ni kwamba madirisha mawili yaliyonaswa hayajuani. Ukilipanua la kushoto lifike thuluthi mbili, la kulia halisogei kumpisha mwenzake. Itabidi ulipunguze kwa mkono, kisha ulisogeze mpaka linate mahali pake.

Wa pili ni Openbox, anayetumika ndani ya LXDE na mara nyingi ndani ya LXQt. Ni mwepesi na mtulivu. Hunata vizuri, lakini kunasa nusu kwa kuburura hakuji naye kutoka kiwandani. Ukitaka, unahariri faili lake la mipangilio ukamwambia, "Nikibonyeza vitufe hivi, sogeza dirisha hili kushoto, upana asilimia 50." Ukitaka asilimia 66, unaandika 66. Kwa mwenye subira huyu ni hazina. Lakini kosa moja la alama katika faili laweza kumfanya agome kuyasoma mapenzi yako.

Wa tatu ni i3, aliyeanzishwa na Mjerumani Michael Stapelberg mwaka 2009. Huyu ni wa vigae kabisa. Kitufe kimoja, ama cha Windows au Alt, huwa ndicho ufunguo wa kila kitu. Ukikishika pamoja na Enter unafungua terminali. Pamoja na namba 2 unahamia meza ya pili. Pamoja na Shift na 2 unalipeleka dirisha lako huko. Madirisha matatu yakifunguliwa mfululizo husimama msitari mmoja, kila moja na thuluthi yake, na kwenye skrini zetu hizo ni pikseli 455 kwa kila moja. Ukitaka la tatu liwe chini ya la pili, mwambie kabla hujalifungua. Mipaka ya vigae ukiisogeza, jirani naye hupungua au huongezeka papo hapo. Hilo Xfce haliwezi.

Wa nne ni dwm, aliyezaliwa mwaka 2006. Huweka dirisha kuu kushoto, likichukua asilimia 55 ya upana, na mengine huyapanga kulia moja juu ya jingine. Kwa skrini ya 1366 hiyo asilimia 55 ni kama pikseli 751, karibu ifikie A4 nzima. Ajabu ni kwamba kubadili mipangilio yake kunataka uhariri msimbo wa lugha ya C, kisha umjenge upya. Kwa klabu ya programu ni mwalimu mzuri. Kwa mtu mwenye insha ya kukabidhi kesho asubuhi, hapana.

UZITO: TUSIDANGANYIKE

Kuna wanaosema, "Chukua i3, ni nyepesi, mashine itapaa." Kweli i3, dwm na Openbox hula kumbukumbu kidogo kuliko mazingira kamili kama Xfce. Lakini fungua kivinjari cha intaneti chenye kurasa kumi, kisha utazame ni nani anayemaliza kumbukumbu. Kivinjari peke yake hula kuliko msimamizi na upau wake vikiwekwa pamoja. Makanga mwembamba hawezi kuifanya matatu iliyojaa magunia kuwa nyepesi. Mashine yenye gigabaiti 2 itapata nafuu ya kweli ukifunga kurasa usizozisoma. Kwa gigabaiti 4, Xfce na i3 zote mbili hufanya kazi bila taabu, hivyo uzito usiwe ndio hoja yetu kuu.

Kuna mpaka mwingine wa kuzingatia. Mashine za kale sana za biti 32 zinaachwa nyuma. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Hizo kwa kweli zihesabiwe kando.

NANI ATAKALIA KITI?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu, lakini jembe lenyewe linapokuwa la watu wote, sharti lichaguliwe kwa kumfikiria aliye mgeni kuliko wote. Kiti kimoja cha maabara hukaliwa na mwanafunzi ambaye nyumbani hajawahi kushika kipanya, kisha na mwalimu anayechapa mtihani, kisha na mhariri wa jarida hili, siku hiyo hiyo moja. Mgeni akikuta i3, ataona skrini tupu isiyo na menyu. Ataguna, atabonyeza hiki na kile, halafu atainuka aende zake akidhani mashine imekufa. Tutakuwa tumeokoa tarakilishi na kumpoteza mwanafunzi.

Kwa upande mwingine, aliyekwisha kujifunza vitufe kumi vya i3 anafanya kazi ya uhariri kwa kasi ambayo mwenye kuburura hawezi kumfikia. Je, tumnyime?

Habari njema ni kwamba hatulazimiki kuchagua mmoja na kumfukuza mwingine. Linux hukubali wasimamizi wawili kukaa katika mashine moja, na unapoingia kwa jina lako na nywila yako unachagua umtakaye. Mipangilio yako hukaa katika nyumba yako, haimgusi mwenzako. Ila jambo hili linadai kila mtumiaji, au angalau kila kikundi, kiwe na akaunti yake. Tukiendelea kutumia akaunti moja ya watu wote, mmoja akigeuza vitufe leo, wengine wote watapotea kesho.

PENDEKEZO LANGU

Naomba Chama na walimu wetu walitazame pendekezo hili.

Kwanza, mwalimu wa somo la Kompyuta aulizwe kabla ya kugusa mashine yoyote. Watahiniwa wa KCSE wana karatasi ya vitendo, na mashine wanazofanyia mazoezi zisibadilishwe katikati ya safari. Tuanze na zile zilizokwisha kuwekwa kando.

Pili, tujaribu kabla ya kusakinisha. Xubuntu na Linux Mint ya Xfce zote zaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tukae nazo wiki moja. Kama kadi ya skrini au ya mtandao haikubali, tutajua mapema na hatutakuwa tumepoteza kitu.

Tatu, Xfce iwe ndiyo ya wote. Mipangilio ya msimamizi ikifunguliwa, tuwashe kunata kwenye kingo na kwenye madirisha mengine, kisha tuwashe kunasa ukingoni. Kuna chaguo la kuhamia meza nyingine unapoburura dirisha hadi nje ya skrini. Hilo tulizime, kwa maana linagombania ukingo ule ule na kunasa, na mtumiaji hatajua litakalotokea. Meza ziwe nne, zisizidi.

Nne, i3 iwekwe pia, kwa kamati ya uhariri na yeyote atakayetaka kujifunza. Orodha ya vitufe kumi ichapwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani. Hapo ndipo Chama chetu kina kazi ya kweli. Tukumbuke kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Lugha yetu ilikwisha kuingia ndani ya tarakilishi zamani. Hata LibreOffice ya leo ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, na wengi wetu hatujawahi kuiwasha.

Tano, na hili halihusu msimamizi yeyote: stima ikipotea, hakuna makanga atakayeokoa insha ambayo hukuihifadhi. Bonyeza Ctrl na S kila unapomaliza aya. Madirisha yatapangwa tena kwa sekunde chache, lakini maneno yaliyopotea hayarudi.

Nimalizie kwa ombi. Majaribio yatakapoanza, chukua kazi yako halisi, si mchezo. Weka mswada upande mmoja na kamusi upande wa pili, kisha uhesabu: umebonyeza mara ngapi, umeburura mara ngapi, na umepoteza dirisha mara ngapi. Fanya hivyo kwa Xfce, kisha kwa i3. Hesabu zako ziandike kwenye karatasi uzitie katika sanduku la Chama mlangoni mwa maabara. Mkutano wa wanachama utaamua kwa hesabu hizo, na tarakilishi zilizoitwa vyuma chakavu ndizo zitakazopanga kurasa za jarida la mwaka ujao.